KUFICHA JINA SIO KUMFICHA MTU: MAKANJANJA WA MITANDAONI TARIME WANAUMIZA WATU

Siku hizi kuanzisha chombo cha habari ni rahisi kuliko kufungua genge la nyanya. Mtu anafungua ukurasa, anatafuta jina, anabandika neno "TV" au "Media" mbele yake, anaweka bando, kesho yake anajiita mwandishi wa habari. Hapo hakuna ubaya. Mji wa Tarime unahitaji watu wa kuandika mambo ya Tarime. Ubaya unaanza pale anapoanza kuandika.

Chukulia habari ya aina hii, maana wadau wamezoea kuziona kila wiki: "Mrembo mmoja mkazi wa Bomani, jina tunalo, anayemiliki duka la vipodozi na kuendesha IST nyeupe, kanaswa gesti na mume wa mtu. Kaa mkao wa kula, picha zinakuja." Basi. Hakuna tarehe, hakuna aliyesema, hakuna aliyeulizwa. Laiki zinamiminika, komenti mia mbili, na mwenye ukurasa anajipongeza kwamba kacheza salama kwa sababu hajataja jina.

Hajataja jina? Bomani sio Dar es Salaam. Ni kata moja ndani ya Halmashauri ya Mji wa Tarime. Watu wananunua nyama bucha moja, wanasali pamoja, wanazikana. Dereva boda anajua kila geti na nani analala ndani. Ukishasema Bomani, ukasema vipodozi, ukasema IST nyeupe, umeshataja jina, ukoo na namba ya simu. Kilichobaki ni picha tu, na picha wanakomenti wataitafuta wenyewe.

Halafu kuna ubaya wa pili ambao makanjanja hawaufikirii kabisa. Je, kama wenye duka la vipodozi na gari jeupe wako watatu? Hapo mmoja anasemwa na watatu wanateseka. Mume wa wa kwanza anakagua simu. Mama mkwe wa wa pili anafunga safari kutoka kijijini kuja kuuliza. Wa tatu hajaolewa, ila mchumba wake kashaanza kuchelewesha barua ya posa. Na hao wote hawana pa kudai radhi, maana mwenye ukurasa atawajibu kwa dharau, "Kwani nimekutaja?"

Ndio maana kanuni ya kwanza ya uandishi inaanzia hapo hapo.

1. UKITAJA, TAJA KWA USHAHIDI. UKIFICHA, FICHA KWELI

Mwandishi anayejua kazi ana njia mbili tu. Njia ya kwanza: habari ina ushahidi, ina maslahi kwa jamii, mhusika katafutwa akapewa nafasi ya kujibu. Hapo jina linaandikwa kamili na habari inasimama kwa miguu yake. Njia ya pili: jina halipaswi kujulikana. Hapo vinaondoka pia mtaa, kazi, gari, kanisa, umri kamili na jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuna njia ya tatu ya "jina tunalo". Maneno hayo sio ushahidi, ni kibao cha kuwaambia watu waanze kubahatisha.

Na wanaolipa gharama kubwa kuliko wote wala sio wenye maduka. Kila mdau wa Mara anajua Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili inakuwaje kwa mabinti. Ni msimu wa ukeketaji. Wapo wanaotoroka nyumbani usiku na kukimbilia kituo cha Masanga huku Tarime, au Nyumba Salama kule Mugumu, Serengeti. Wengi wao ni watoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Wamewakimbia watu wanaowapenda lakini wanaotaka kuwakata.

Sasa anakuja bwana mwenye simu nzuri. Anapiga picha, anaziba macho ya binti kwa ufito mweusi, anaona kamaliza. Sketi ya shule inaonekana. Nembo ya shule inasomeka. Chini kaandika kijiji, darasa na jina la babu yake aliyekuwa anaandaa sherehe. Ufito huo unamficha nani? Unamficha binti kwa watu wa Mbeya ambao hawamjui hata hivyo. Kwa baba zake wadogo ni sawa na kuwatumia ramani.

2. NANI KASEMA?

Hili ndilo swali ambalo msomaji ana haki ya kulipatia jibu kila baada ya sentensi mbili tatu. Makanjanja wana dawa yake: "inasemekana", "vyanzo vya kuaminika", "mtu wa karibu". Yaani mambo mazito ya maisha ya watu yanabebwa na neno "inasemekana" kama mzigo wa mkaa kwenye baiskeli mbovu.

Kanuni ni nyepesi. Andika aliyesema, cheo chake, na alijuaje. Aliona? Aliambiwa? Alisoma kwenye karatasi gani? Na watu watano waliosikia kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja, sio vitano. Umbea ukizunguka saluni tatu ukarudi, haujathibitishwa. Umezeeka tu.

Mfano mzuri uko hapa hapa mkoani. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati, na kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuridhika na wakasema hadharani. Mwandishi makini alikuwa na kazi rahisi: kamati imesema hivi, wakazi wa kandokando ya mto wanasema vile, vipimo vilichukuliwa hapa, swali hili bado halijajibiwa. Mwisho. Ila aliyeandika "imethibitika ni mavi ya ng'ombe" kajivika koti la kamati. Na aliyeandika "mgodi waua samaki" bila hata karatasi moja mkononi naye kajivika koti la hakimu. Wawili hao wanatukanana kwenye komenti, kumbe wamefanya kosa lile lile.

Na kumtafuta anayetuhumiwa sio kumpigia mara moja saa sita usiku halafu kuandika "hakupatikana". Andika ulimtafuta lini, mara ngapi, kwa njia gani. Akijibu, jibu lake liwe ndani ya habari, juu, sio mstari wa mwisho ambao watu hawafiki.

3. MTUHUMIWA, MSHTAKIWA NA ALIYETIWA HATIANI SIO MTU MMOJA

Polisi wakimshikilia mtu, huyo ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka, ni mshtakiwa. Mahakama ikisikiliza na kuamua kwamba kafanya, ndipo anakuwa kapatikana na hatia. Ngazi tatu, maneno matatu. Katiba ya nchi, ibara ya 13, inasema mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike.

Nenda sasa kwenye kurasa za mjini. Kijana kakamatwa asubuhi, mchana tayari ni "JAMBAZI SUGU", jioni kuna picha yake akiwa kavuliwa shati. Wiki ya pili kaachiwa, imeonekana hahusiki. Hiyo ya kuachiwa nani kaiandika? Hakuna, haina kiki. Kijana anarudi mtaani anabaki jambazi wa mtandaoni. Akiomba kazi Sirari, mwenye duka anatafuta jina lake kwenye simu kwanza.

4. KABILA LIINGIE PALE LINAPOHUSIKA TU

Hapa wadau wa Tarime mtaelewa haraka. Mwanaume akimpiga mkewe Morogoro, kichwa kinasema "Mume ampiga mke". Akimpiga Tarime, kinasema "MKURYA ACHARANGA MKE". Kabila la yule wa Morogoro liko wapi? Halikuandikwa kwa sababu halikusaidia kitu. La huyu limeandikwa kwa sababu linauza. Na ajabu ni kwamba siku hizi wanaolibandika ni vijana wa Tarime wenyewe, wanajiuzia sura mbaya kwa laiki.

Angalia pia nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kuendeleza mji wake anatoa mahari na kuoa mwanamke mwingine, watoto wakizaliwa wanakuwa wa mji ule. Ni mila yenye maswali mengi, hasa pale binti anapokuwa mdogo au hakuulizwa anataka au hataki. Maswali hayo yanastahili kuandikwa kwa nguvu zote. Lakini kichwa kinachokuja ni "WANAWAKE WAOANA TARIME, TAZAMA PICHA", kana kwamba ni mapenzi ya wanawake wawili. Msomaji wa mbali anapigwa na butwaa, anasheya, anaondoka. Yule binti ambaye labda alikuwa na malalamiko yake hajasikilizwa na yeyote.

Kueleza kwanza, kushangaa baadaye. Na mara nyingi ukishaeleza vizuri, huhitaji kushangaa tena.

5. MAHALI NA TAREHE

Mtu wa Dar akikosea anasamehewa kidogo. Wa hapa hapa akikosea ni uvivu. Serengeti ni hifadhi, na Serengeti pia ni wilaya yenye makao makuu Mugumu. Ukiandika "Serengeti" peke yake msomaji hajui kama mtu kashambuliwa na mwenzake au na simba. Rorya ilikuwa Tarime mpaka 2007, sasa ni wilaya yake. Nyamongo kwenye dhahabu sio Tarime mjini. Mkoa wa Mara una mikoa miwili ya kipolisi, Mara na Tarime/Rorya, kila mmoja na kamanda wake, na maneno ya huyu hayawekwi mdomoni kwa yule.

Tarehe ni balaa zaidi. Video ya ugomvi wa koo ya miaka mingi nyuma inawekwa leo na maneno "HALI TETE MUDA HUU". Anayeiweka anacheka, anahesabu watazamaji. Upande wa pili kuna mzee kijijini kaisikia kwenye grupu la WhatsApp, kawaamsha vijana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu pia wanaosambaza uongo wakijua ni uongo. Ila hata kama sheria isingekuwepo, kuandika "video hii ni ya zamani" kunachukua sekunde tano.

6. NAMBA ZINA ADABU YAKE

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 mpaka 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 28. Kitaifa ilikuwa 10, ikawa 8. Hiyo ndiyo habari.

Kanjanja anaichukua anaandika: "Asilimia 28 ya wasichana Mara hukeketwa kila mwaka". Kaua habari kwa makosa mawili. Utafiti ulihesabu wanawake mpaka wa miaka 49, wengi wao walikatwa zamani, na haukusema kila mwaka. Mwingine anaandika "ukeketaji washuka kwa asilimia nne". Kutoka 32 kwenda 28 ni kushuka kwa pointi nne. Kwa asilimia ni kama 12 na nusu. Utasema hizo ni hesabu za kitaalamu. Hapana, ni hesabu za sekondari. Na namba hizo zinatumika kuombea fedha, kupangia askari na kujengea nyumba za kuwahifadhi mabinti. Ukiziharibu, kuna mlango utafungwa mahali.

7. KISWAHILI KIPEWE HESHIMA YAKE

Kila mtu na lafudhi yake, na lafudhi ya Mkurya ni tamu masikioni. Lakini ikiingia kwenye maandishi inageuza habari. "Wananchi wamejitokeza kupiga kula" maana yake wamekwenda kula, sio kuchagua. "Ametoa mahali ya ng'ombe" ni zizi, sio mahari. "Walimu wapewa karamu" ni sherehe. Kama walipewa za kuandikia ni kalamu. "Samani ya dhahabu" ni kabati na makochi. Ya bei ni thamani. Na yule anayeandika "xaxa xixi" kwenye habari ya msiba, huyo anawakosea adabu wafiwa.

Binadamu amefariki dunia, hajadedi. Sentensi iwe na jambo moja, ikibeba matatu ivunjwe. Vyeo viandikwe mara ya kwanza kamili, kisha jina litoshe. Alama za mshangao tano hazifanyi habari iwe kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, kamusi zipo hadi kwenye simu. Kuangalia neno moja hakumalizi bando la mtu.

8. KICHWA KIWE MTOTO WA HABARI YAKE

Kichwa kinasema "MSANII MKUBWA AFARIKI". Ukifungua, msanii kafariki ndani ya filamu. Kinasema "AMWAGWA MCHANA KWEUPE", ndani ni msanii kamwagiwa soda jukwaani. Mara ya kwanza msomaji anacheka. Mara ya tano anatukana. Mara ya kumi siku ambayo kuna habari ya kweli, ya daraja kukatika au kipindupindu, anaona ni yale yale, anapita. Ukurasa ulioharibu imani ya watu hauwezi kuwaokoa siku ya hatari.

9. UKIKOSEA, REKEBISHA PALE PALE ULIPOKOSEA

Makanjanja wakikosea wanafuta kimya kimya. Habari imesomwa na maelfu, picha za skrini ziko kwenye magrupu, yeye kafuta anajifanya hajui. Kufuta sio kurekebisha. Marekebisho yanaandikwa kwa ukubwa ule ule, sehemu ile ile: tulisema hivi, sio kweli, ukweli ni huu, tunamuomba radhi fulani. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa 1995, limekuwa likisuluhisha malalamiko ya watu dhidi ya vyombo vya habari bila kufika mahakamani, na radhi ni sehemu kubwa ya suluhu hizo. Magazeti makubwa yanaomba radhi. Ukurasa wa watu elfu nane unaona aibu ya nini?

VISINGIZIO

Wataibuka wa kusema, "Watu wenyewe wanapenda udaku." Ni kweli wanapenda, na udaku hautakufa leo wala kesho. Nani kavaa nini, nani kaachana na nani kwa maneno yake mwenyewe, nani kazindua wimbo ukumbi mtupu, hayo yote yanaandikika na kuchekesha bila kumvunjia mtu ndoa. Burudani yenye kanuni ipo. Inahitaji tu mtu apige simu mbili kabla ya kuposti.

Wengine watasema, "Hatukusoma uandishi chuo, tuacheni tutafute riziki." Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo tisa inayohitaji shahada. Kuuliza nani kasema hakuna ada. Kuweka tarehe hakuhitaji cheti. Fundi wa mtaani ambaye hakwenda VETA akifunga nyaya vibaya nyumba ikaungua, hakuna anayemtetea kwamba anatafuta riziki. Kwa nini anayechoma jina la mtu atetewe?

Na wapo watakaosema wakubwa wa Dar nao wanafanya hivyo hivyo. Sawa. Ila wakubwa wa Dar hawakutani na waliowaandika kwenye foleni ya maji. Wa Tarime wanakutana nao sokoni, kwenye daladala ya Sirari, na msibani wanakaa benchi moja. Kama kuna sehemu nchi hii ambapo mwandishi anatakiwa kuwa makini na kila neno, ni mji mdogo ambao watu wake wanajuana mpaka majina ya mabibi.

Wasomaji nao wasijitoe. Kila anayekomenti "mtaje basi tumjue" ni mshiriki. Anayesheya picha ya binti wa nyumba salama kwa kumuonea huruma anawasaidia wanaomtafuta. Ukiona "jina tunalo", uliza: ushahidi mnao? Ukiona video haina tarehe, iache ife kwenye simu yako.

Desemba ya msimu itakuja tena, mabinti watakimbia tena, na watu wenye simu watakuwa wanasubiri mlangoni. Kabla hawajabonyeza kutuma, wajiulize swali moja: huyu mtoto anayeonekana hapa, leo usiku baba yake anaweza kumpata kwa habari hii? Kama jibu ni ndio, habari hiyo isiende.

Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Toa hoja, matusi hapana, na majina ya watu yaacheni huko huko mtaani.